Nakala ya Ijumaa

Shelina alikuwa ameizunguka meza yake mara saba kabla fundi Albano hajatoa kichwa nyuma ya rafu na kulisema lile neno alilokuwa akilikwepa tangu asubuhi.

"Sista, hii imekwenda. Na ya pili nayo imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Imekufa, sista. Niseme vipi?"

Ya kwanza ilikuwa seva yenyewe, mashine iliyobeba ramani zote za ofisi ya upimaji ardhi ya Mzee Karmali, hapo Temeke, ghorofa ya kwanza juu ya duka la matairi. Ya pili ilikuwa mashine ya nakala, iliyonunuliwa makusudi ili ya kwanza ikifa, ya pili iwepo. Sasa mtu akili yake timamu angeziweka mbalimbali. Shelina alizipanga rafu moja, akazichomeka kwenye betri moja, na betri ile ilikuwa imezeeka kiasi cha kulia lia yenyewe bila kuguswa. Asubuhi hiyo, siku moja baada ya sikukuu ya Sabasaba, mlinzi Khalfani alipopandisha swichi kuu, taa ziliwaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, feni zikanguruma, kisha chumba cha seva kikatoa moshi mwembamba na harufu ya plastiki.

"Waya wa nyutro umelegea kwenye hiyo meni swichi yenu," Albano alieleza huku akijifuta mikono. "Swichi inashushwa na kupandishwa kila siku ya Mungu, lazima itachoka. Umeme umewaingilia mara mbili ya kawaida. Hata friji ya maziwa ya chai imekufa."

Nani alikuwa na habari ya friji!

"Diski hazitoi kitu?"

"Zimeungua vibao vyake. Wapo wanaofungua, nimesikia, lakini nje ya nchi, na ni miezi. Si una bakapu ya klaudi lakini?"

"Ninayo," Shelina akajibu upesi, upesi mno, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena.

Anayo. Miezi kumi tu alikuwa na kazi hii, na mradi wake wa kwanza ndio ulikuwa huo. Aliichagua programu mwenyewe, akaisimika mwenyewe, akawaitia wenzake chai na sambusa kuwaeleza uzuri wake. Kila siku saa saba mchana programu inaamka, inaangalia kilichobadilika kwenye seva, inaweka nakala kwenye mashine ya pili, halafu inapeleka nakala nyingine kwa njia ya intaneti mpaka klaudi, kwenye mashine za kukodi zilizoko mbali huko. Na barua pepe za ofisi, ambazo zenyewe zinaishi klaudi, inazivuta na kuzileta ofisini. Cha hapa kinakwenda kule, cha kule kinakuja hapa. Siku ile walimpigia makofi, na Leodegar, mpima mkuu, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, alisema, "Hapo tumelala usingizi."

Shelina alifungua kompyuta yake ya mkononi. Orodha ya nakala ilikuwa kwenye mashine iliyokufa, kwa hiyo ilibidi aisimike programu upya, aiunganishe na klaudi kwa intaneti ya simu yake, kisha aiache isome kila kilichoko kule kabla ya kumwambia kipi kipo na kipi hakipo. Akafanya hivyo. Mstari mdogo wa buluu ukatokea chini ya kioo: asilimia mbili.

Angeweza kwenda kunywa chai. Angeweza kumsaidia Albano kushika tochi. Badala yake alikaa akiutazama ule mstari, akitafuna pindo la mtandio wake kama mtoto, maana kulikuwa na jambo kichwani mwake lililokuwa likibisha hodi tangu moshi ulipotoka, naye hakutaka kulifungulia.

Jambo hilo liliitwa Bi Mahfudha.

Bi Mahfudha alikuwa mjane wa Abdulsamad, mwenye duka la siku nyingi kule Kiwalani, bondeni, pale mtaro unapopita nyuma ya nyumba. Nyumba zote za ukingoni zilitakiwa kubomolewa ili mtaro upanuliwe, na kila mwenye nyumba alitakiwa kupewa kiwanja kingine Pugu, ilmradi aonyeshe ramani ya alipokuwa na picha ya nyumba ikiwa imesimama. Ofisi ya Karmali ndiyo iliyopewa kazi ya kupima. Wenzake wote walipimwa mapema. Bi Mahfudha alikuwa amelazwa kwa ajili ya presha, akabaki yeye peke yake, na Leodegar alikwenda kumpima Jumanne iliyopita. Jumatano asubuhi aliingiza vipimo na picha kwenye seva, akafuta kadi ya mashine ya kupimia, kama utaratibu ulivyokuwa, akaenda Pugu na kadi ileile kupima viwanja vipya. Saa sita kasorobo Bi Mahfudha akapanda ngazi za ofisi, anahema, anataka karatasi yake.

"Mie nataka kitu cha kukunja," alisema. "Nakitia kwenye kanga, nalala nacho. Nichapishie hiyo ramani yangu na ule ukuta."

Ukuta ulikuwa ukuta wa dukani. Kila mafuriko yalipopita, marehemu Abdulsamad alikuwa akichukua brashi na rangi ya buluu na kuandika: maji yalifika hapa, na mwaka. Alama ziko nne, na ya mwisho aliiandika mkono ukimtetemeka, miezi miwili kabla hajafariki. Bwana yule hakuwa mtu wa kuandika. Hata madeni alikuwa anayashika kichwani. Maandishi yake mengine Bi Mahfudha hakuwa nayo. Kwa hiyo alimshika Leodegar mkono akampeleka mpaka ukutani, akasimama pembeni mpaka akaona amepiga picha.

Shelina siku hiyo alikuwa amevaa nyeusi, ana haraka, funguo za gari mkononi. Angalau angemkalisha. Badala yake alimjibu kwa lile tabasamu la watu wa kompyuta.

"Bi Mahfudha, karatasi inaloa. Nyie wa bondeni mnalijua hilo kuliko mie. Kitu chako kiko kwenye seva, na kiko klaudi. Hata ofisi hii ikiungua leo, nyumba yako ipo, yote. Njoo baada ya Ashura nikuchapishie vizuri, kwa rangi."

Bi Mahfudha alitazama juu, darini, kama anayetafuta hiyo klaudi iko upande gani, akashukuru, akashuka ngazi.

Sasa kwa nini haraka? Hapo ndipo penye kidonda. Ilikuwa Muharram, na katika siku kumi za kwanza za Muharram ofisi ya Karmali hufungwa saa sita mchana ili watu wawahi majlis za maombolezo. Na ofisi ikifungwa, swichi kuu inashushwa, iwe ni Muharram au mwezi wowote. Hiyo haikuwa amri ya kujadiliwa. Karmali akiwa kijana, duka la vitambaa la baba yake kule Kariakoo liliungua kwa hitilafu ya umeme, tena mchana wa Muharram, familia nzima iko imambara inamlilia Imam Husein. Walirudi na nguo zao nyeusi wakakuta milango imeanguka na vitambaa bado vinafuka. Tangu hapo mzee hawezi kuondoka mahali penye umeme unaowaka. Nyumbani kwake hata jiko la umeme analichomoa na kulitazama mara mbili.

Shelina aliijua habari hiyo alipoanza kazi. Ndiyo maana hakupanga nakala zichukuliwe usiku kama wafanyavyo wengine. Alipanga saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula na intaneti haina kazi. Alijiona mjanja sana. Na Muharram aliijua tangu tumboni mwa mama yake. Ila hivyo viwili, Muharram na saa saba, alikuwa hajawahi kuviweka meza moja. Siku zote zile, saa saba ilipogonga na programu ikatakiwa kuamka, mashine zilikuwa gizani zimezimwa, na yeye alikuwa upande wa wanawake, ameinamisha kichwa, analia kwa dhati kabisa.

Asilimia kumi na moja.

Alifungua barua pepe zake, kwenye folda aliyoiita Kelele. Huko ndiko alikokuwa amezielekeza taarifa zote za programu, maana zilikuwa nyingi zikimchosha, na za kufanikiwa alizizima kabisa. Taarifa zilikuwa zimejipanga humo, hazijafunguliwa hata moja. *Nakala ya jana haikufanyika.* *Nakala ya jana haikufanyika.* Kila asubuhi mashine ilipoamshwa ilikuwa imeandika barua, kwa adabu, kumweleza. Ya mwisho iliingia Ijumaa asubuhi, kuhusu Alhamisi. Jumamosi ofisi ilifungwa kwa Tasua, siku ya tisa, Jumapili ilikuwa Ashura yenyewe, Jumatatu Sabasaba. Baada ya hapo moshi.

Kulikuwa na kisanduku kimoja kwenye programu cha kuteua: ikikosa, ijaribu tena ikiamka. Aliwahi kukiteua. Wapimaji wakalalamika kwamba asubuhi intaneti inakuwa nzito, akakiondoa siku hiyohiyo bila kumwambia mtu.

"Mungu wangu," Shelina akasema kwa sauti, na Albano akamtazama.

Mzee Karmali aliingia saa tano, mfupi, ndevu nyeupe, bado yuko kwenye shati jeusi. Alitazama rafu, akanusa hewa, uso ukambadilika. Harufu ile alikuwa akiijua.

"Hakuna moto, Anko," Shelina akamwahi. "Moto haukuwaka."

"Alhamdulillah. Na kazi? Tuko salama?"

Hapo mtu anaweza kujibu majibu mengi. Shelina alijaribu mawili matatu moyoni, yote yakawa machungu.

"Vya kabla ya Muharram naamini vipo klaudi. Vya ndani ya Muharram havijanakiliwa. Nilipanga saa saba, na saa saba swichi ilikuwa imeshushwa. Nilitakiwa niione hiyo, Anko. Kosa ni langu."

Karmali alikaa kwenye kiti cha wageni. "Vya ndani ya Muharram ni vingapi?"

"Vingi vinaweza kurudiwa. Isipokuwa kimoja. Bi Mahfudha wa Kiwalani."

"Basi Leodegar akampime tena. Leo hii hii."

Leodegar alikuwa amesimama mlangoni na helmeti yake kwapani. "Nikapime nini, bosi? Katapila limepita jana, siku ya Sabasaba, hata tarehe waliyoambiwa haijafika. Nimepita pale asubuhi. Ni shimo tu, na maji ndani yake. Na viwanja vya Pugu vinagawiwa kesho saa tatu. Jina bila ramani linarukwa."

"Kadi?"

"Nimeandikia juu yake viwanja sitini. Na tableti ya picha hivyohivyo."

Chini, duka la matairi, mtu alikuwa akigonga ringi kwa nyundo, ngo, ngo, ngo, na kila pigo Shelina alilisikia kwenye meno.

Bi Mahfudha alifika adhuhuri, kama alivyoagizwa. Baada ya Ashura, waliambiana. Naye ni mtu wa ahadi. Alivaa baibui lenye vumbi upindoni, ana mfuko wa plastiki wenye dawa zake. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, Shelina akamwendea.

"Shikamoo, Bi Mahfudha."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba wa Imam. Nimekuja kuchukua karatasi yangu." Alizungumza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia nyumbani kwa watu. "Jana wamekuja, wametupa nusu saa. Nimetoa godoro, sufuria na msahafu wangu. Vijana wa mtaani wamenitolea na mlango wa kabati. Ukuta ndio sikuweza kuutoa. Nikasema si neno, ukuta upo kwa akina Shelina."

Shelina alipiga magoti mbele ya benchi.

"Bi Mahfudha, mashine zimeungua leo asubuhi. Natafuta kitu chako klaudi. Sijui kama kipo."

"Si ulisema hata ofisi ikiungua?"

"Nilisema."

"Haya. Tafuta, nakungoja." Akajiegemeza ukutani, akafumba macho, midomo yake ikawa inasoma.

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Shelina alirudi kwenye kompyuta: asilimia arobaini. Akaenda jikoni, akasahau alichofuata. Akarudi: arobaini na moja. Alitoka ukumbini akamkuta Bi Mahfudha vilevile, akaingia tena ndani kama mwizi. Kukaa hakukukalika, kusimama hakukusimamika. Leodegar alimwambia atulie, akamjibu vibaya, akamwomba radhi, akamjibu vibaya tena.

Kuanzia hapo mlinzi Khalfani akaanza kupita pita. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye kujipenda. Siku za kawaida humwoni akitoka getini. Sasa alipanda ngazi mara tatu bila shughuli. Mara anafagia palipofagiliwa, mara anamletea Bi Mahfudha maji, mara anasimama kumtazama. Mwishowe alimwita Shelina kwa kidole mpaka nyuma ya mlango wa stoo.

"Dada Shelina, nyie mnatafuta nini hasa?"

"Nakala ya seva. Lakini haiwezi kuwepo, Kaka Khalfani. Saa saba swichi ilikuwa imeshushwa siku zote."

Khalfani alitazama kulia na kushoto. "Siku zote kasoro moja."

"Nini?"

"Ijumaa. Mmeondoka, mie nikasema niipige pasi kanzu yangu kabla ya kwenda kuswali. Pasi ya hapa ni nzuri, ya kwangu inachoma. Adhana ikanikutia hapohapo. Pasi nikachomoa, wallahi nilichomoa, nikavaa, nikakimbia. Nakuja kukumbuka swichi, niko rakaa ya pili."

"Hukuizima?"

"Nimeizima niliporudi. Imamu alipotoa salamu tu sikukaa hata nyiradi, sikumpa mtu mkono, nimetoka mbio viatu nimevishika. Nimefika saa saba na nusu na kitu, nikaishusha. Nikasema alhamdulillah, mzee hatajua. Usimwambie, dada. Pasi! Akisikia pasi ananifukuza leo hii."

Shelina alifungua mdomo kumwambia asiwe na wasiwasi. Akaufunga. Alikuwa ameshagawa ahadi za kutosha mwezi huo.

"Ngoja kwanza nione," alisema, akarudi mezani kwa kukimbia.

Saa saba programu imeamka, alihesabu. Dakika kumi nakala ya hapa ofisini. Kisha safari ya klaudi, ambayo kwa siku ya kawaida ni dakika arobaini, na hiyo haikuwa siku ya kawaida, ilibeba kazi ya wiki nzima. Saa saba na nusu na kitu swichi imeshuka. Na kitu kiasi gani? Dakika tano? Kumi? Aliupiga mguu chini ya meza mpaka kikombe kikacheza. Asilimia themanini. Themanini na tatu. Intaneti ikakatika, akapiga ukelele, ikarudi. Leodegar, Albano na Mzee Karmali walikuwa wamemzunguka sasa, na hakuna aliyemwambia atulie.

Orodha ilipotokea ilikuwa na mistari ya kijani mingi, mpaka Alhamisi ya mwisho kabla ya Muharram. Kisha pengo. Kisha, chini kabisa, mstari mmoja wa njano: Ijumaa, saa 7:00 mchana. *Haikukamilika.*

"Ijumaa?" Karmali aliinama karibu na kioo. "Ijumaa ipi? Ijumaa mie nimefunga ofisi."

Shelina hakugeuka. Alisikia tu mtu anakohoa mlangoni.

"Ni mie, mzee," Khalfani akasema. "Nilikuwa napiga pasi kanzu. Nikasahau swichi, nikaenda msikitini."

Rangi ilimtoka Karmali. Alishika ukingo wa meza, akavuta pumzi moja ndefu, na kila mtu mle ndani alijua ameona milango ya Kariakoo.

"Pasi uliichomoa?"

"Niliichomoa, mzee."

"Una hakika?"

"Wallahi."

"Haya," Karmali akasema, akaendelea kushika meza. "Haya. Fungua, Shelina."

Shelina alifungua. Programu ilikuwa ikipeleka mafaili madogo kwanza na makubwa mwisho, ndivyo alivyoipanga. Vipimo vya ardhi ni vidogo, ni tarakimu tu. Alitafuta jina. Lilikuwepo. Mahfudha, mjane wa Abdulsamad, Kiwalani. Pembe nne za kiwanja, urefu, upana, na fomu yake imejazwa kwa mkono wa Leodegar, na ndani ya fomu picha ndogo ya mbele ya nyumba: kuta za rangi ya maziwa, bati, ndoo mbili barazani, mlango wa kijani umefungwa.

Leodegar alipiga kofi moja. Albano, ambaye hata hakuwa mfanyakazi wa ofisi, alimkumbatia Khalfani. Shelina alilia, si kwa adabu ya imambara, alilia kwa kamasi, huku mkono wake ukiendelea kushuka chini ya orodha kutafuta folda ya picha kubwa. Nyumba ya Mahfudha, picha za ndani. Alilikuta jina la folda. Akaifungua.

Folda ilikuwa tupu.

Alifunga, akafungua tena. Akatazama saa ya faili la mwisho lililofika klaudi: saa saba na dakika thelathini na sita. Picha za ukuta ndizo zilizokuwa zikifuata. Alipiga hesabu, akaipiga tena, jibu likawa lilelile. Dakika tano nyingine zingetosha. Dakika tano ni nyiradi za baada ya swala na kupeana mikono na watu wawili watatu mlangoni mwa msikiti. Aliamua palepale kwamba hesabu hiyo Khalfani hataisikia kamwe kutoka kwake.

Printa yao ilikuwa imekufa pamoja na friji, kwa hiyo Leodegar alikimbia na flashi mpaka steshenari ya ng'ambo ya barabara, akarudi na karatasi ikiwa bado ina joto. Karmali aliigonga muhuri, akaitia sahihi, akaipuliza wino ukauke. Kisha akampa Shelina aipeleke mwenyewe.

Bi Mahfudha aliipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza mbali kidogo kama wafanyavyo watu wenye macho yaliyochoka, akazisoma tarakimu asizozielewa moja moja, akatikisa kichwa kuridhika.

"Na Pugu watanipa?"

"Watakupa, Bi. Leodegar atakupeleka kesho mwenyewe, asubuhi."

"Mungu awape heri." Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye picha. Kilipita juu ya bati, kikashuka barazani, kikagusa ndoo. "Hizi zimebaki kule kwenye shimo." Kisha kikasimama kwenye mlango wa kijani. "Sasa nifungulie ndani, mwanangu."

Shelina alikaa kwenye benchi pembeni yake. Nyayo zilikuwa zinamwasha kusimama, kuzunguka, kwenda dirishani. Akajikaza akakaa.

"Ndani haikufika, Bi Mahfudha. Umeme ulikatika kabla picha za ukuta hazijapelekwa. Zilikuwa kwenye mashine zilizoungua. Nitazituma hizo diski kwa wanaojua kuzifungua. Sikuambii kwamba zitafunguka."

Bi Mahfudha aliendelea kuutazama mlango, na baada ya kitambo kidole chake kikaondoka kwenye karatasi.

"Uliniambia yote."

"Nilikuambia yote."

"Siku ile nilipokuja. Jumatano." Alisema polepole, bila ukali, kama anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kukinunua. "Kunichapishia ule ukuta kungekuchukua muda gani?"

Shelina alitamani iwe saa nzima. Alitamani iwe siku.

"Dakika mbili, Bi."

Bi Mahfudha akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo.